Mgomba wa Vagheni

Kosa lilikuwa la baba mdogo Kasika, ingawa ukimuuliza yeye atakuambia lilikuwa la vita. Vagheni, mtoto wa kaka yake, alikuwa mchuuzi aliyepanda malori kupeleka maharagwe na sabuni upande wa Mambasa. Lori lake lilichomwa njiani, mbali kupita Beni, na hakuna kilichorudi Butembo, si mwili wala kiatu. Kwa watu wa huko, aliyepotea hivyo haachwi bila kaburi. Hukatwa shina la mgomba, likavikwa shuka, likaombolezwa na kuzikwa kwa jina lake, ili naye apate pa kulala na walio hai wapate pa kulilia. Kasika ndiye aliyetumwa kuleta shina. Siku ile bunduki zilikuwa zinalia ng'ambo ya mto Kimemi, na Kasika, ambaye hajawahi kujisifu kwa ushujaa, hakukaa kulikata shina juu ya kisiki kama desturi inavyotaka. Aling'oa mgomba mchanga pamoja na mizizi yake, akauviringisha shuka, akarudi mbio. Wakazika upesi, wakasali upesi, kila mtu akaenda kujifungia kwake.

Mvua ya Butembo haina habari na vita. Iliponyesha vya kutosha, kaburi la Vagheni likaota.

Lilianza jani moja la kijani karibu na msalaba, limejikunja bado. Godelive, mke wa marehemu, alilikuta asubuhi alipotoka kumwaga maji. Alicheka peke yake uani mpaka akashika mbavu, kwa sababu alimjua Kasika. Halafu kicheko kikamgeukia, akaingia ndani kulia. Walikuwa wameoana muda mfupi tu, hawakujaliwa mtoto, na mpaka siku hiyo alikuwa hajazoea kupika chakula cha mtu mmoja. Majirani wao hawakucheka. Aliyezikwa akachipua ni mtu aliyekataa kufa, walisema, na wale waliokuwa wakikatiza uani kwake kwenda kuchota maji wakaanza kuzunguka mbali.

Hapo ndipo wanajeshi walipokuja kutafuta nyumba. Wakati ule mji ulibadilisha mabwana mara kwa mara, leo kundi hili, kesho lile, na kila kundi lilikuwa na wakubwa waliopenda kulala chini ya mabati yasiyovuja. Nyumba ya Vagheni ilikuwa na mabati mapya. Kamanda aliyekuja alikuwa kijana mwenye miwani ya jua siku isiyo na jua, Kiswahili chake kimejaa Lingala, wala hakuwa mkali. Aliingia, akatazama dari, akasema atachukua chumba kikubwa. Godelive hakuwa amepanga kusema uongo. Alikuwa tu ameweka sahani mbili mezani, mazoea ya mke, na macho ya kamanda yakatua juu ya ile ya pili.

"Unangoya nani, mama?"

"Bwana yangu. Anarudiaka magaribi."

"Iko wapi sasa?"

"Iko nyuma ya nyumba," alisema Godelive. "Tulimuzika pale."

Kamanda alicheka, akaenda kuona. Alisimama mbele ya kaburi lenye msalaba na mgomba uliokwisha kufika magotini, akavua miwani yake. Godelive, aliyekuwa nyuma yake, akaona nafasi akaishika.

"Tulizika mugomba pahali yake, mon commandant. Yeye hapana kubali. Kila magaribi anakuja kuuliza mwili yake iko wapi. Mais ni mutu mupole, hapana ua mutu bado."

Hiyo "bado" ndiyo iliyofanya kazi. Kamanda aliwaita vijana wake, wakaenda kulala nyumba nyingine chini ya kilima, na siku iliyofuata akatuma kopo la sardini kwa ajili ya marehemu, pamoja na ombi kwamba asimfuate. Godelive alizila zile sardini kwa bugali, dhamiri yake safi kabisa.

Habari ikapanda barabara ya Lubero pamoja na wachuuzi wa viazi, ikafika Musienene, mlangoni kwa Berthe. Berthe ni mama yake Vagheni, mjane wa siku nyingi, na Vagheni alikuwa mtoto wake wa pekee. Siku ya maziko alisimama kando ya kaburi macho makavu. Wanawake walipomgusa kidogo aanze kulia ili na wao wapate kuendelea, aliwaambia kwamba yeye hakuzaa mgomba, akarudi kijijini kwake bila kumwaga chozi. Sasa alifika Butembo amejitwika gunia la viazi, kuku mkononi, kikwembe chake cha misa kimefungwa vizuri, na hata salamu hakuimaliza.

"Bibi ya Vagheni, banasema mutoto yangu anakujaka huku. Ni kweli?"

Godelive alifungua mdomo aseme hapana. Lakini Berthe alikuwa amesimama pale na gunia bado kichwani, hajalitua, kana kwamba jibu ndilo litakaloamua kama analitua au anageuka nalo hadi Musienene.

"Anakujaka, Mama," alisema Godelive, akamshusha mzigo. Uongo huu wa pili haukuwa na raha ya ule wa kwanza.

Berthe akakaa. Kila alfajiri alikwenda misa, kila jioni alisali rozari, na baada ya rozari aliketi mezani kuitazama ile sahani ya pili, wala hakuona kwamba mambo hayo yanagombana. Bikira Maria naye alimwona mwanawe baada ya kaburi, alisema, na hakuna padri aliyemlaumu. Godelive aliapa kumwambia ukweli siku ya pili. Siku ya pili mama mkwe alikuwa anakohoa. Siku iliyofuata alikuwa amefurahi mno, na nani anamharibia mzee furaha yake kabla ya chai. Hivyo ndivyo uongo unavyokaa katika nyumba ya watu wenye huruma: kila siku hukosa tu wakati mzuri wa kuufukuza.

Halafu asubuhi moja, wakiwa jikoni, Berthe akasema kwa utulivu, "Alikuja."

"Nani, Mama?"

"Mutoto yangu. Wewe ulikuwa unakoroma. Alikaa pale kwa kiti yake. Asema manjanja ya upande ya jikoni bapigilie misumari, mupepo itaibeba."

Mwiko ukamponyoka Godelive. Yeye ndiye aliyeutengeneza mzimu huu kwa mdomo wake, mchana kweupe, mbele ya kamanda. Sasa mzimu umeketi kitini na unatoa maoni juu ya mabati. Akapigilia misumari siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo alikwenda choo cha nje akiimba nyimbo za Bikira kwa sauti ambayo majirani wawili waliisifu, na alilala kikwembe kimefunika kichwa, akitoka jasho. Sahani ya pili, ambayo zamani aliiweka kwa mazoea, sasa aliiweka kwa heshima.

Vagheni aliendelea kuja, na daima alimkuta mama yake macho na mke wake amelala. Alisema apandwe maharagwe nyuma ya nyumba, ardhi inakaa bure. Alisema mke wake amekonda, ale mayai. Alisema nywele zake zimekuwa kichaka, hata kama ni mjane, asuke. Godelive alitii kila neno kwa woga. Mpaka siku Berthe aliposema, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akimenya:

"Asema chumvi yako inazidi."

Godelive akaacha kusonga bugali. Vagheni, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutia chumvi hata kwenye avoka. Aliyekuwa akinywa kikombe cha maji baada ya kila mlo, kwa adabu, akipangusa mdomo na kusema chakula kizuri, alikuwa mtu mwingine. Akamtazama mama mkwe. Berthe alimenya maharagwe yake kwa bidii isiyo ya kawaida.

Woga ukamtoka wote mara moja, na nafasi yake ikajaa kitu ambacho hakukitegemea. Kumbe hizi siku zote kulikuwa na mtu aliyelala macho akifikiria mayai yake na nywele zake. Alipunguza chumvi. Na asubuhi ya pili, alipoona Berthe anajitayarisha kwenda misa pekupeku katika matope, alijikohoza.

"Mama, hata mimi aliniambia kitu leo."

Mikono ya Berthe ikasimama. "Asema nini?"

"Asema anaona haya juu ya mama yake, kutembea ndani ya matope bila viatu. Asema bottes yake iko chini ya kitanda, uvae."

Berthe aliitazama miguu yake. "Kama ni yeye anasema," alijibu, akazitoa zile buti za mpira, akajaza vitambaa mbele, akaenda kanisani akitembea kama bata, na hakukubali mtu acheke.

Basi wakaishi hivyo. Mtu asiyejua mambo ya huko atauliza kwa nini wasiseme tu. Lakini mkwe na mama mkwe wana heshima kati yao, na heshima hiyo haimruhusu mmoja kumuuliza mwenzake kama goti linamuuma, wala kumwambia ale, wala kumwambia kwamba nyumba ni baridi asipokuwamo. Marehemu hazuiwi na heshima. Kwa hiyo Vagheni, ambaye akiwa hai hakuwa msemaji, akawa na maneno mengi. Alisema mama yake apakwe mafuta ya mawese magotini. Alisema mke wake asiende sokoni peke yake siku wanajeshi wanapolipwa, maana wanalewa. Na jioni ile mji ulipopigwa, wawili hao wakiwa wamelala kifudifudi chini ya kitanda, risasi zikipita juu ya mabati, Berthe alimshika mkono gizani akasema, "Vagheni asema usiogope." Godelive akajibu, meno yakigongana, "Asema na wewe, Mama." Hawakuachiana mikono mpaka kukanyamaza.

Hakuna mmoja aliyemwambia mwenzake kwamba anajua. Na hapo ndipo palipomuuma Godelive. Alimpenda yule mzee. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote baada ya Vagheni, na ni kitu kigumu kumpenda mtu ambaye unaamini amekuja kwa ajili ya mwingine. Alipokuwa akipakwa mafuta, Berthe alifumba macho na kutabasamu, na Godelive alijiuliza tabasamu lile ni la nani. Mzimu ukiondoka, mama atabaki na sababu gani ya kukaa hapa?

Jibu lilikuwa njiani. Kasika alituma habari kwamba maharagwe yakishavunwa atakuja kuondoa matanga. Matanga yakiondolewa, mjane asiye na mtoto hurudi kwa baba yake. Baba yake Godelive alikuwa Oicha, kwenye kakao yake pembeni ya msitu, na alishaandaa chumba. Berthe angerudi Musienene kwenye nyumba yake tupu. Godelive alijaribu mara nyingi kusema asubuhi, "Vagheni asema tusitengane," na kila mara aliyaacha maneno hayo, akamimina chai. Hayo hakutaka kuyaweka katika kinywa cha mtu mwingine. Yakikubaliwa kwa ajili ya Vagheni, yeye atakuwa hajapata kitu.

Kasika alifika Jumamosi na jembe begani, bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi, na mwanawe Lusenge nyuma yake. Alikuwa mtu mwema, na siku hiyo alikuwa mtu mwenye aibu, maana mgomba aliouzika ulikuwa umempita urefu. Alikunywa maji, akasalimia mara mbili, akaanza.

"Shemeki Berthe, mutoto Godelive. Kosa ilikuwa yangu, ninajua. Leo tutang'oa hii kitu, tuzike shina muzuri, tufunge matanga. Godelive ni kijana bado, atarudi kwa baba yake. Wewe, Shemeki, utarudi shamba. Donc kila mutu kwake, na amani."

"Vagheni hapana kubali," alisema Berthe.

Kasika akasogea karibu. "Alisema?"

"Alisema. Bibi yake abaki hapa."

Mtu mwingine angecheka. Kasika hakucheka hata kidogo. Tangu kaburi lile liote yeye hakulala vizuri, na alivua kofia yake kana kwamba mtoto wa kaka yake amesimama nyuma ya mlango.

"Ananikasirikia?" aliuliza. "Juu ya mizizi?"

Berthe alimtazama, na uso wake ukalegea kidogo. "Hapana. Hakukasirika."

"Mungu asifiwe." Kasika alipangusa jasho. "Basi, tutafuata neno yake. Kama mufu angali anashika bibi yake, desturi inajulikana. Ndugu yake atamuchukua amulinde, nyumba isipotee. Lusenge huyu hapa."

Lusenge, ambaye alikuwa na mke Lubero na hakuwa ameulizwa, alitazama viatu vyake. Kasika alifurahi, kwa mara ya kwanza mwaka ule aliona anafanya kitu sawasawa.  Mzimu aliouumba Godelive ili uilinde nyumba sasa ulikuwa unamgawa. Akasimama.

"Baba, mimi nilidanganya. Siku commandant alikuja na basoda yake, mi ndiye—"

Berthe aliinua mkono, akamnyamazisha. Aliinuka kwa shida, akatoka nje, na wote wakamfuata mpaka nyuma ya nyumba. Alisimama mbele ya mgomba, akashika jani lake, akalipangusa vumbi kwa kiganja kama mtu anayempangusa mtoto uso kabla ya kwenda kanisani. Hakuharakisha. Halafu aliliachia jani.

"Kasika, mutoto yangu alikufa."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. 

"Alikufa kwa njia ya Mambasa, ndani ya moto, na mimi sikuwa pale. Hapana sema kitu. Hajasema kitu hata siku moja. Ni mimi nilikuwa nasema. Ng'oa hiyo. Ni mugomba tu."

Kasika aliinua jembe.

"Mais sikia vizuri," Berthe aliendelea. "Kama mutoto yangu alikufa, huyu si bibi ya mutu. Hakuna mutu ya kumupa Lusenge. Ni mutoto yangu mimi. Nilimupata ndani ya hii nyumba, na uzee yangu yote, bila kuzaa. Akitaka Oicha, ataenda na miguu yake. Akitaka bwana, huyo bwana ataleta mbuzi kwangu, na mimi ndiye nitakula. Kama kuko mutu ya kusema hapana, aseme, ningali nasimama."

 Kasika, ambaye mambo ya wafu humtisha lakini mama anayesema kwa jina lake mwenyewe humwelewa, aliinamisha kichwa akasema, "Hapana, Shemeki. Kama ni wewe unasema, tunasikia." Akapiga jembe. Lusenge akaja kumsaidia haraka, kwa moyo wote.

Mizizi ilikatika, mgomba ukaanguka. Berthe aliketi pale pale kwenye udongo na akapiga yowe ambalo lilisikika mpaka chini ya kilima. Alimwita Vagheni kwa jina la ubatizo na kwa jina la nyumbani, akamwita kwa majina ambayo huitwa mtoto anayenyonya. Wanawake wa jirani, waliokuwa wakizunguka mbali miezi yote, waliruka wigo bila kufikiri na kuja kulia naye. Kasika alilia amesimama, ameegemea mpini.

Godelive alipiga magoti, akamkumbatia kutoka nyuma. Maneno yalikuwa tayari kinywani, kwa mazoea, "Vagheni asema," na aliyashika kabla hayajatoka. Hapakuwa tena na mtu wa kumtuma. Aliogopa kuliko alivyoogopa chini ya kile kitanda.

"Mama," alisema sikioni mwake. "Ni mimi nasema, mimi Godelive. Sitaki Oicha. Na wewe, usirudi Musienene. Nakuomba, baki na mimi."

Berthe alikamata mikono ile iliyomzunguka kifuani, akaibana.

"Nimekusikia, mwana," alisema, na akaendelea kumlilia mwanawe mpaka jua likazama, kichwa chake kimelala mapajani mwa binti yake.